Afya ya Jamaa: Dawa Iliyougeuza Uso wa Mama



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, baba mmoja alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akanivuta kando penye kivuli cha mwembe, akasema: "Mwalimu, wewe huandika gazetini juu ya afya. Nijibu basi neno moja. Dawa ikimgeuza mtu sura hata mtoto wake mwenyewe akamkimbia, hiyo ni dawa au ni sumu?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Jamaa yake naijua, maana watoto wake wawili nimewafundisha, na mambo yaliyompata mkewe niliyaona kwa karibu. Nikamwomba ruhusa niyaandike hapa, naye baada ya kushauriana na mkewe alikubali, mradi nisitaje jina la mtu wala la nyumba. Nanyi mjue ya kwamba mimi ni mwalimu wa chaki, si daktari. Niyasemayo juu ya dawa nimeyasoma vitabuni na kuyauliza kwa matabibu. Mgonjwa asibadili hata nusu ya kidonge kwa sababu ya ukurasa huu.

Mama huyo ni mwuza samaki. Kila alfajiri, kabla jua halijatokea juu ya milima ya Burundi, alikuwa akishuka Kalundu kuwangoja wavuvi warudio na taa zao, akanunua ndakala na, siku njema, mikeke michache, akapanda navyo sokoni. Mwaka juzi, wakati wa masika, alishikwa na kwikwi na kutapika siku nne mfululizo, usiku na mchana. Akapewa dawa ya malaria, kwa kuwa kwetu kila tapiko huanza kwa kuitwa malaria. Kwikwi ikakoma yenyewe, na jambo likasahauliwa.

Mwezi uliofuata aliamka jicho la kushoto likimwuma kila alipoligeuza, na kabla siku tatu hazijapita jicho hilo halikuona tena ila weupe tu, kama mtu atazamaye kupitia shuka. Akapewa dawa ya kutonesha. Majuma matatu baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, tangu nyayo mpaka kitovuni, kisha ikalegea, na mkojo ukafunga. Hapo ndipo mumewe alipokopa fedha, akampakia garini, akamvusha mpaka Bujumbura, mwendo wa kilomita 30 hivi kwa njia ya Gatumba.

Daktari wa huko aliuliza mambo mengi, na mume alipotaja ile kwikwi ya mwezi uliopita, daktari akaweka kalamu chini. Kwikwi isiyokoma, jicho, kisha miguu: mambo hayo matatu, ambayo sisi tuliyaona kuwa magonjwa matatu, yeye aliyaona kuwa ugonjwa mmoja.

Huitwa ugonjwa wa Devic, kwa jina la tabibu Mfaransa Eugène Devic wa mji wa Lyon, aliyeueleza mwaka 1894. Katika damu ya kila mtu mna askari wadogo, ambao vitabu vya siku hizi huwaita kingamwili. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Walakini yawezekana askari hao wakakosea, kama walinzi wa kijiji wampigao mwenye nyumba gizani wakimdhania mwizi. Katika ugonjwa huu hushambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo, na pengine mahali fulani katika ubongo paongozapo kutapika na kwikwi. Mwaka 2004 wataalamu wa hospitali ya Mayo, katika mji wa Rochester huko Marekani, waliwatambua askari hao katika damu, na baadaye ikajulikana ya kwamba shabaha yao ni vijimlango vidogo sana vipitishavyo maji katika chembe za ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa huwapata wanawake kuliko wanaume, tena watu wa asili ya Afrika na ya Asia ya mashariki kuliko Wazungu. Hauambukizi. Haukutumwa na mtu.

Jambo la kutisha ni hili: kila shambulio huacha kovu. Anayepofuka jicho na kukawia kutibiwa huenda asilipate tena, na atakayepooza vilevile. Kwa hiyo madaktari huutendea kama tutendavyo sisi nyumba ya nyasi inapowaka. Hawaulizi kwanza kama maji yataharibu godoro.

Maji yenyewe ni dawa za ukoo wa kotisoni. Juu ya mafigo yetu mna tezi mbili ndogo, kila moja juu ya figo lake, zitengenezazo kila siku kitu cha namna hiyo kidogo sana, nacho hutusaidia kustahimili ugonjwa, njaa na hofu. Mwezi wa Septemba 1948, huko huko Rochester, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni kwa mara ya kwanza mwanamke aliyekuwa amekakamaa viungo kwa baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Dunia nzima ikashangaa, na mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeusz Reichstein wa Uswisi, wakapewa zawadi ya Nobel. Wagonjwa hao walilazwa katika hospitali ya Masista Wafransisko, na sehemu ya fedha za zawadi yake Hench alimpa Sista Pantaleon, mwangalizi wa wagonjwa wale, apate kwenda Roma. Hilo watu hupenda kulisimulia, nami pia. Lisilosimuliwa sana ni kwamba mapema kabisa, miongoni mwa wagonjwa wale wa kwanza, walionekana watu waliovimba nyuso, wengine waliochanganyikiwa akili, na wengi walioanguka tena mara dawa ilipokomeshwa. Basi madhara ya dawa hii si habari mpya. Yalijulikana tangu ilipoanza kutumiwa.

Mama wetu alitiwa dawa iitwayo methilprednisoloni kwa njia ya mshipa, gramu moja kila siku, siku tano. Gramu moja yaonekana ndogo. Lakini nilipopiga hesabu kwa kufuata vitabu, niliona ya kwamba nguvu yake ni kama ile ambayo tezi za mwili zingetengeneza kwa siku 250 hivi, nayo yote yaingia kwa saa moja au mbili. Mtu akijua hesabu hiyo hatashangaa mwili ukipiga kelele.

Nao ulipiga. Siku ya kwanza alisema kinywa chake kina ladha ya chuma, kama aliyelamba msumari. Uso ukawa moto, moyo ukaenda mbio. Siku ya pili sukari ikapanda katika damu ilhali hajawahi kuwa na ugonjwa wa sukari, akawa anakunywa maji kama mlima makasia. Usiku wa tatu hakulala hata kidogo. Aliimba nyimbo zote za Pasaka alizozijua, akahesabu fedha ambazo hazikuwapo, akamgombeza mwuguzi kwa kumwibia samaki. Kulipopambazuka akalia mpaka saa nne kwa kuwa alijiona amekufa. Mumewe akasadiki ya kwamba amepagawa. Alinipigia simu akiniomba nimtafutie padri.

Padri alipatikana, na si vibaya. Lakini tabibu mmoja pale hospitalini alimweleza mume kwa maneno machache: hii ni dawa, siyo pepo; humwondolea mtu usingizi, yaweza kumfurahisha kupita kiasi, kumwudhi, hata kumsikizisha sauti; wengi hutulia kipimo kikipunguzwa. Wakaanza kumtia dawa asubuhi mapema badala ya jioni, wakampa na kitu cha kumtuliza. Siku ya tano akaanza kusogeza vidole vya miguu, na siku ya nane akauona mkono wake kwa jicho la kushoto. Mume alisema nami kwa simu huku analia. Nilimwuliza kama alikuwa ameambiwa mambo hayo ya usiku wa tatu kabla ya kutundika chupa ya kwanza. Akasema la.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nimesikia waganga na wauguzi wakisema: "Tukiwatajia watu madhara, watakimbia dawa." Mimi sisadiki. Watu wetu si watoto. Mvuvi huambiwa upepo wa kusini utavuma, naye huenda ziwani, lakini huchukua kamba nzuri na hujua saa ya kurudi. Anayekimbia ni yule aliyedanganywa ya kwamba ziwa ni shwari. Na katika dawa hizi, kukimbia ndiko kunakoua. Sikilizeni yaliyofuata.

Alirudi Uvira akitembea kwa fimbo, na mfuko wa vidonge vya prednisoni, kila kimoja miligramu 5, naye ameze kumi na viwili kila asubuhi, kisha vipunguzwe polepole kwa muda wa miezi. Alikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kifaransa, ambayo aliikunja akaitia chini ya kikapu chake. Juma la nne uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa ya mviringo kama mwezi mpevu, shingo ya nyuma ikaota nundu ya nyama, tumbo likatoka mbele huku mikono na mapaja yakikonda. Chunusi zikamtoka kifuani kama msichana wa miaka kumi na minne. Njaa ikamshika, sufuria ya bugali ikawa haimtoshi, naye akaona haya kula mbele ya wakwe. Mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa amelelewa kwa bibi wakati wa ugonjwa, alipomwona alipiga kelele akajificha nyuma ya mlango.

Majirani wakaanza kunong'ona. Kwetu Kivu neno hilo moja latosha: karuho. Mtu akivimba, akidhoofu, akibadilika rangi, amewekewa sumu. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alisafiri kutoka Mboko, akaja akamtazama, akashika kichwa. "Kaka," akamwambia ndugu yake, "mke wako alipoondoka alikuwa mgonjwa wa miguu. Sasa wanammaliza mwili mzima. Hivi vidonge ndivyo vinavyomvimbisha, nawe wampa kwa mkono wako?" Juu ya vidonge hakukosea, maana kweli ndivyo vilivyomvimbisha. Usiku ule akavitupa chooni vyote.

Mimi sikumlaumu mama yule wa Mboko hata siku moja. Alimpenda wifi yake, alitazama kwa macho yake, akahukumu kwa yale aliyoyajua. Nani alimwambia ya kwamba uso wa mwezi ni dalili ijulikanayo, ya kwamba haina maana ya sumu, na ya kwamba dawa ikipunguzwa uso hurudi?

Siku ya pili mgonjwa alichoka. Siku ya tatu akatapika, tumbo likauma, akaanza kuhara kidogo. Wakadhani kipindupindu, maana Uvira ni mji ambao kipindupindu hakiondoki, nacho hutujia karibu kila mwaka. Siku ya nne alipojaribu kuinuka kitandani alianguka, baridi mwili mzima, mapigo ya mkono hayasikiki. Walimchukua kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili. Hospitalini wakamtundikia maji ya chumvi, na hiyo ilikuwa sawa, lakini hakuinuka. Mwuguzi mmoja kijana, alipokuwa akitafuta kitambaa katika kikapu, akaiona ile karatasi iliyokunjwa, akaisoma, akakimbia kumwita daktari. Wakampiga sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100. Kabla ya jua kutua alikuwa akiuliza habari za watoto.

Ni nini kilichompata? Nimesema ya kwamba tezi zetu mbili hutengeneza kitu hicho kila siku. Sasa, mwili ukipokea kingi kutoka nje kwa muda wa majuma matatu au zaidi, tezi husema: "Kazi yetu yafanywa na mwingine," nazo hulala. Mtu akiikata dawa ghafula, dawa ya nje haipo na tezi za ndani hazijaamka. Shinikizo la damu huanguka, sukari hushuka, chumvi katika damu yaweza kupungua, na mtu aweza kufa ndani ya siku chache, naye aonekana kama mwenye kipindupindu au malaria tu. Tezi zahitaji kuamshwa polepole, kwa kupunguza kidonge baada ya kidonge; pengine huchukua miezi mingi hata zipate nguvu zake zote.

Jambo hili halijali cheo. John Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani, tezi zake hazikufanya kazi. Ugonjwa wake ulijulikana mwaka 1947, naye aliishi kwa dawa za ukoo huu. Mwaka 1954 alipopasuliwa mgongo aliugua sana baada ya kupasuliwa hata akapewa sakramenti za mwisho. Alipona, lakini raia wake wengi hawakuambiwa juu ya ugonjwa huo.

Basi tuseme, kama mtu wa jamaa yako angeanzishiwa dawa hizi kesho, ni nini ungetaka kuambiwa, na ni nini ungepaswa kumwambia daktari?

La kwanza ni kifua kikuu. Dawa hizi huwatuliza askari wa damu waliokosea, lakini huwatuliza na wale wasiokosea. Kifua kikuu kilicholala mwilini kwa miaka huweza kuamka. Aliyewahi kukohoa muda mrefu, au aliyelala chumba kimoja na mgonjwa wa kifua, aseme kabla ya sindano ya kwanza. Mwenye sukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye mimba, nao waseme. Tena vidonge vya ukoo huu hushusha homa na kuficha maumivu. Mgonjwa aweza kuwa na uchafu mkubwa tumboni au mapafuni naye ajiona vizuri. Kwake homa ndogo si ndogo.

La pili watu wengi hawalijui, nami nililijua nilipochelewa. Mna mnyoo mmoja mdogo sana, uitwao strongiloidi, uingiao kwa nyayo za mtu apitaye pekupeku penye udongo uliochafuliwa. Minyoo mingine mayai yake hutoka nje. Huyu watoto wake waweza kurudi mwilini mwa mtu yule yule, wasitoke kamwe. Askari waliotekwa wakati wa vita vya pili vya dunia wakalazimishwa kujenga reli huko Burma walionekana nao miaka zaidi ya 30 baada ya kurudi kwao. Maadamu askari wa damu wako macho, mnyoo hukaa kimya. Dawa za kotisoni zikiingia, huongezeka bila kiasi, hutoboa matumbo, huingia mapafuni na hata ubongoni, na wengi wapatwao hivyo hufa. Dawa yake ni ivermektini, ile ile ambayo vijiji vyetu huijua kwa jina la Mectizan kwa ajili ya upofu wa mtoni. Vidonge vya minyoo vinavyogawiwa watoto shuleni havitoshi kwa huyu. Walakini mtu asijinunulie tu: aliyeishi misitu ya magharibi au ya kaskazini mwa Kongo, mahali penye mnyoo wa jicho uitwao loa, amwambie daktari kwanza, kwa sababu kwake ivermektini yaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo.

La tatu nalisema kwa mama na dada zetu bila kuwaaibisha. Mna vidonge vya deksametasoni viuzwavyo mkononi kwa wale watakao kunenepa mashavu na makalio. Hao ni ndugu wa prednisoni, tena wenye nguvu zaidi. Unono ule ni uso wa mwezi, siyo afya. Aliyevimeza miezi mingi tezi zake zaweza kuwa zimelala naye hajui, na siku akiviacha au akiugua sana, ataanguka kama alivyoanguka mama wetu. Ukiulizwa na daktari dawa ulizotumia, vitaje na hivyo. Daktari hakuitwa kukucheka.

Kisha mambo ya nyumbani. Prednisoni huzuia chumvi mwilini na kupoteza madini mengine yapatikanayo katika ndizi na maparachichi. Kwa hiyo samaki wa chumvi wapunguzwe, na ndakala waoshwe vizuri kwa maji kabla ya kupikwa. Kidonge kimezwe asubuhi, tena pamoja na chakula. Sukari na soda ziachwe. Najua ni vigumu kusema hivyo katika nchi iliyozoea sukari ya Kiliba. Maumivu ya nyonga yasiyoondoka, hata miezi baada ya dawa, yaonyeshwe kwa daktari, kwa maana dawa hizi huweza kuifisha mifupa ya nyonga na kuidhoofisha mingine. Macho pia yapimwe, kwa kuwa ukungu wa jicho waweza kutokea, na itakuwa huzuni mtu kuponywa jicho na ugonjwa akafungwa jicho na dawa.

Juu ya chanjo, neno moja kwa wavukao mpaka. Chanjo ya homa ya manjano imefanywa kwa vijidudu vilivyo hai, ingawa vimedhoofishwa. Mtu aliye katika kipimo kikubwa cha dawa hizi asichanjwe hiyo. Aombe kwa daktari cheti cha kumwachilia, akionyeshe penye kadi za chanjo. Bali chanjo ya kipindupindu ya kunywa, ile iliyogawiwa Uvira mwaka 2020, imefanywa kwa vijidudu vilivyokufa, nayo haimdhuru.

Na akipatwa na kuhara na kutapika hata asiweze kukaa na kidonge tumboni, asingoje kesho. Aende hospitali siku ile ile akaseme: "Namwa prednisoni kila siku, vidonge havikai, nahitaji kwa sindano." Maneno hayo yafaa kujulikana na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa darasa la tatu.

Mtaniuliza kama hakuna matibabu mengine. Yako. Kuna mashine isafishayo damu: huitoa, hutenga maji yake pamoja na wale askari waliokosea, na kurudisha chembe pamoja na maji mengine safi. Husaidia sana wale ambao kotisoni haikuwatosha, na ikiwezekana ianzishwe mapema. Nayo ina yake: midomo hufa ganzi, shinikizo hushuka, na mrija mkubwa utiwao shingoni waweza kuingiza uchafu. Mashine hiyo hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa, tena kwa fedha nyingi. Basi kwa watu wa pwani hii, kotisoni ndiyo ndoo tuliyo nayo, tujifunze kuishika.

Nimerudi kwa yule baba chini ya mwembe. Nilimwambia ya kwamba kilichomgeuza mkewe sura ndicho kilichomrudishia jicho, na ya kwamba nilitamani mtu angemwambia mambo yote mawili siku moja. Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada yangu bado analia kwa ajili ya usiku ule." Nikamwomba amletee gazeti hili likitoka, amsomee pale niliposema ya kwamba simlaumu.

Mama mwenyewe sasa anameza kidonge kimoja cha prednisoni kila asubuhi, pamoja na dawa nyingine iitwayo azathioprini, ya kuwazuia wale askari wasirudi. Dawa hiyo nayo ina masharti yake, na kila baada ya majuma kadhaa hupimwa damu. Jicho la kushoto halisomi herufi ndogo. Fimbo bado anayo. Uso wake ulirudi polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku moja mwanawe mdogo akampanda mapajani bila kuitwa. Juma hili nilimkuta Kalundu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akibishana na mvuvi juu ya bei. Ile karatasi haiko tena chini ya kikapu. Ameifunga katika nailoni, ameishonea ndani ya kitenge chake kiunoni, na chini ya Kifaransa cha daktari binti yake mkubwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa nyeusi: MTU HUYU ASIKATIWE DAWA.